Sajenti Akabidhi Kitanda Kitupu

Wifi yangu ni mkunga, na wenzake kazini humwita Sajenti. Hawakumwonea. Akisema "Sukuma!" katika wodi ya wazazi, hata mlinzi wa getini anakaza misuli. Nyumbani ni vivyo hivyo: kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, mpaka leo anaamriwa anawe mikono kabla ya kula, na mvi anazo. Nampenda mwanamke huyu, ingawa siku nyingine natamani angekuwa na kitufe cha kupunguzia sauti.

Kisha mzazi mmoja alivuja damu mikononi mwake, akafariki. Tangu hapo Sajenti akifika mlango wa chumba cha kuzalishia, miguu inagoma. Wakamhamishia stoo ya dawa. Akawa anarudi mapema, ananyamaza, anakula bila kulalamikia chumvi. Ukimya ule ulitutisha. Alituambia waziwazi kwamba asipoweza kurudi kuzalisha, ataacha kazi kabisa.

Ndipo watafiti walipokuja hospitalini kujaribu tiba mpya ya kiwewe kwa watumishi wa afya na ustawi wa jamii. Unakaa na mshauri, unafumba macho, unasimulia lile tukio baya tangu mwanzo hadi mwisho, na wiki inayofuata unalirudia tena. Mimi ndiye niliyemshikilia aende.

"Mganga hajigangi, wifi," nilimwambia.

"Na wewe umekuwa mganga lini?" akanijibu. Lakini akaenda.

Aliyoyafanya huko alinisimulia mwenyewe, bila haya. Siku ya kwanza alifungua madirisha, akapanga viti upya, akamwuliza mshauri kama amekula. Alipoona miguu ya yule dada imevimba, akamwamuru avue viatu na kuiweka juu ya kiti. Muda wa tiba ukaisha mshauri akieleza habari za presha yake! Siku zilizofuata Sajenti alisimulia, ila mbiombio kama anayekimbia mvua, na mwisho ulikuwa uleule: "Akafariki, nikavua glavu, nikaenda nyumbani."

Mshauri, ambaye zamani alikuwa muuguzi, akamwuliza, "Dada, huyo mama ulimkabidhi kwa nani?"

Sajenti akafumbua macho. Kwa wauguzi, huondoki zamuni kabla ya kupita kitanda kwa kitanda na mwenzako anayeingia, ukimweleza huyu ni nani, amefanyiwa nini, kimebaki nini. Akishasema "nimepokea", mzigo si wako tena. Siku ile Sajenti alikabidhi wodi nzima, ila kitanda kile alikiruka. Kilikuwa kitupu, na kitanda kitupu hakikabidhiwi.

"Basi nikabidhi mimi huyo mama," mshauri alisema, akasimama.

Sajenti naye akasimama, akanyoosha mgongo. "Mama, uzazi wa tatu. Amejifungua mtoto wa kike, mtoto mzima. Damu haikukata. Tumempa dawa, tumemkanda tumbo, tumemwita daktari, tumemwongezea damu. Nimemshika mkono. Amefariki."

"Kimebaki nini?"

Alitafuta, akatafuta.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Nilifanya yote."

"Nimepokea, dada."

Alilia hadi kitambaa cha mshauri kikalowa. Aliponisimulia, nami nililia, na mume wangu akatoka nje akijifanya anatafuta miwani, nayo iko puani.

Watafiti hawajatoa majibu. Wanasema ni mapema mno, na huenda wengine haikuwafaa. Sawa, wao wana kazi yao. Mimi ninachojua ni kwamba juzi wifi yangu alirudi sauti imemkauka, akajitupa kwenye kiti, akasema, "Leo nimezalisha."

"Hukuogopa?" nikamwuliza.

"Nilitetemeka, wifi. Na yule mama alikuwa anatetemeka. Nikamwambia, haya mama, tutetemeke wote wawili, lakini mtoto atoke."