Mbuzi wa Nyumbani kwa Kokuberwa

Jirani yangu Kokuberwa wa Kimuli alikuwa msafi, na asiniambie mtu vinginevyo. Kila Jumamosi alitandika nyasi mbichi ndani, juu ya zile za zamani, nyumba ikanukia vizuri. Mbuzi wao watatu walilala humo humo, karibu na kitanda cha watoto. Hata kwangu mbuzi walilala ndani.

Mwaka 1984 miguu ya mwanawe Projest ilijaa funza. Mama yake aliwatoa kwa pini kila jioni, wakaingia wengine, mtoto akawa anatembelea visigino. Akampeleka zahanati. Muuguzi, mgeni kutoka Singida, aliitazama ile miguu akauliza habari za mifugo.

"Mama, hawa funza wanaletwa na mbuzi. Watoeni nyumbani."

"Ndiyo, sista."

Pale Kiswahili kinaposema nyumbani, sisi Wanyambo tuna maneno mawili: omunju ni ndani ya nyumba, omuka ni kwetu kote, kibanja na migomba yake. Kiswahili cha Kokuberwa kilikuwa cha sokoni. Akasikia omuka. Jioni akamwambia mumewe, Kaijage, kwamba sista anataka mbuzi waondoke kibanjani.

"Waende wapi?" Kaijage akafoka. "Si ndio mahari ya mdogo wangu?"

Mbuzi wakabaki, na kazi ya pini ikaendelea.

Siku moja Projest akashindwa kufungua kinywa anywe uji. Tulimbeba kwa machela hadi zahanati. Pepopunda, muuguzi yule yule alisema, imepitia kwenye vidonda vya funza. Mgongo wa mtoto ulijipinda, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana akakata roho.

Mimi nililia. Kokuberwa hakulia, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Alikaa tu kwenye benchi, mikono mapajani.

"Mama," muuguzi alisema, naye machozi yakimlengalenga, "si nilikwambia uwatoe wale mbuzi?"

"Wangekwenda wapi, sista? Ni wa mahari."

"Kwenda wapi tena? Nje tu. Mngewajengea kibanda hapo hapo kwenu."

Kokuberwa alimtazama.

"Nje ya mlango?"

"Ndiyo, mama. Wasilale na watoto."

"Nje ya mlango tu," alisema, kwa sauti ile ile ya kuitikia salamu. "Hilo Kaijage angekubali."

Kisha akaifungua kanga yake ya kiunoni akaanza kumfunika mtoto, akianzia miguuni.