Kelele za Grafu Mbili

Nilikuwa nikifundisha fizikia shuleni huku nikisomea uzamili mjini Kisii. Utafiti wangu ulikuwa wa kioo. Niliyeyusha mchanga safi pamoja na chumvi za sodiamu na potasiamu, nijue atomu hujipangaje alkali hizo mbili zikikaa pamoja. Kioo kikimulikwa kwa leza, mwanga kidogo hurudi umebadilika rangi, na badiliko hilo huonyesha atomu zinavyotikisika.

Mashine yenyewe ilikuwa Nairobi, na nafasi tuliyopewa iliangukia Jumamosi. Mimi ni Msabato. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Kiogoro, Mkatoliki, akajitolea kunipelekea vipande vyangu: kimoja cha sodiamu tupu, kingine cha mchanganyiko.

Jumatatu aliniletea grafu mbili kwenye flashi. Zilifanana mno. Nikazikuza kwenye kompyuta. Kila kipimo huwa na kelele zake, vijimeno vidogo kwenye mstari ambavyo havijirudii hata ukipima kipande kilekile tena. Hapa vililingana jino kwa jino.

Nilizima kompyuta. Nilirudi nyumbani Gesima nikikumbuka alivyoweka flashi mezani akiwa amesimama, na alivyokataa chai. Mtu wa kwetu anakataaje chai?

Asubuhi nikamuuliza, "Ulipima vyote viwili?"

"Nilipima."

"Mbona kelele ni zilezile?"

"Kwani, mwalimu, huniamini?"

"Nijibu kuhusu kelele."

Akageuka dirishani. Stima ilipotea, akasema, na iliporudi zamu yetu ilikuwa imeisha. Ndipo alipoinakili faili ya kwanza, akaibadilisha jina. "Niliona utaumia ukikosa."

Nilichukua vipande vyangu nikaondoka. Wiki chache baadaye nilipata nafasi siku ya kazi, nikaenda mwenyewe. Sikutoka chumbani mpaka vyote vikapimwa. Kilele cha grafu ya mchanganyiko kilikuwa kimesogea kando, mbali na pale alipokiweka yeye. Msimamizi wangu alifurahi, akauliza kama tumshukuru mwenzangu kwenye tasnifu. Nikasema hapana, naye hakuniuliza zaidi.

Tunasalimiana vizuri hadi leo. Majuzi tulikutana sokoni, akaniambia amepata kazi ya chuo na mama yake amepona kabisa. Nilimpongeza kwa moyo. Lakini nikiwa nachagua ndizi, nilijikuta nikijiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea kweli.