Ufunguo Uliopitia Kwaya

Mama mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi alifunga geti, akanivutia kiti mimi fundi wa kompyuta, akasema sitoki mpaka tovuti yake ikae sawa. Alitabasamu, lakini geti lilikuwa limefungwa kweli. Alisoma na marehemu mama yangu shule ya misheni huku kwetu Kilosa, ningemkatalia vipi? Nikasema, "Sawa, mama," nikafungua kompyuta.

Wageni wa mbugani huweka nafasi za vyumba kwa mtandao, na kila aliyefungua tovuti yake alikutana na onyo kwamba si salama, akakimbilia kwa jirani. Vyumba vilikuwa vitupu. Tovuti ilikuwa imehamishiwa seva nyingine, yaani kompyuta inayoihifadhi, na seva hiyo ilikataa ufunguo wa siri wa cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kwamba tovuti ni yake kweli. Ilidai haiwezi kuusoma.

Nilipoufungua nilicheka kwa hasira. Ufunguo wa namna hii ni maandishi marefu yasiyosomeka, juu na chini yake kuna vistari vifupi vitano vitano. Huu ulikuwa umepambwa! Vistari vilikuwa vimegeuka mstari mmoja mrefu, na maandishi yamenyooshwa pande zote mbili kama barua ya kuomba kazi.

"Nani kaugusa huu, mama?"

"Binti wa steshenari. Nilimpa anitunzie, akaona umekaa vibaya, akaupanga. Halafu akaurusha kwenye grupu la simu la kwaya yetu, usije ukapotea."

Kurudisha vistari na kukata mistari upya ilikuwa kazi ndogo. Seva ikaukubali. Mama akapiga kigelegele, akaenda kufungua geti.

Basi la Kilosa lilikuwa halijapita. Ningeweza kuondoka. Lakini ufunguo wa siri ulio kwenye simu za kwaya nzima si wa siri tena. Mwenye nia mbaya angeweza kutengeneza tovuti ya bandia ikaonekana ndiyo ya nyumba ile ya wageni. Nilitamani niwe fundi asiyejua hilo.

Nikamwambia. Akasema wanakwaya si wezi. Nikasema simu huibwa. Tulihitaji ufunguo mwingine na cheti kingine, na ujumbe wa kukiidhinisha ungetumwa kwenye barua pepe ya aliyenunua cha kwanza.

Uso ukamshuka. Aliyekinunua ni mkwewe, mume wa bintiye, ambaye baadaye alimrudisha mkewe kwa mama na kichanga. Tangu siku ile mama na mkwe hawajasemezana.

"Huu si umeshakubali?" akauliza taratibu.

"Umekubali, mama. Lakini haufai."

Alinitazama kama mtu niliyemtia kitanzini. Nilijiona mkatili, na sikuwa na pa kupeleka macho. Kisha akampigia mkwe simu, akaweka sauti kubwa, ili hayo ya barua pepe niyaeleze mimi.

"Shikamoo, mama."

Mama akaiweka simu mezani. Mkwe akarudia salamu. Mama akafumba macho.

"Marahaba," akasema. "Mtoto hajambo. Ana meno mawili."