Mzee Aliyeambiwa Aongee Tu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Kibaha, nikisubiri majibu ya vipimo. Dirishani kwa muuguzi walisimama mzee na mkewe waliotoka Maneromango. Mama ndiye aliyeeleza: tangu wamzike kijana wao aliyegongwa na gari, mzee halali, chakula hagusi, na shamba amelitelekeza.

Muuguzi akawaelekeza kwa mwanasaikolojia.

"Huyo anachoma sindano?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Ikihitajika dawa, ataandika daktari wa magonjwa ya akili. Huyu mtaongea tu."

Mzee akavua kofia, akaikung'uta pajani. "Nipande magari mawili kuja kuongea? Kwani nyumbani siongei?"

"Huongei, baba watoto," mkewe akasema taratibu. "Tangu siku ile mtoto hujamtaja hata kwa jina."

Mzee akairudisha kofia kichwani. Kisha akaingia kwa mwanasaikolojia.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Mama akainuka haraka. "Wamekupa dawa gani?"

"Sijapewa. Ameniuliza mtoto alikuwa mtu wa namna gani." Akamshika mkewe mkono mbele yetu sote. "Nimeambiwa nirudi Alhamisi. Tuje wote, mama. Na wewe hujalia."

Sisi wa kwenye benchi tukainamia simu zetu.

Wengi wetu tukitoka hospitali bila mfuko wa dawa huona tumedhulumiwa. Wale wawili waliondoka bila hata kidonge, na njia nzima hadi getini msemaji alikuwa mzee.