Mkono Niliouficha Mfukoni

Kijana aliyenipima mkono katika kliniki moja mjini Kisii alikuwa na meno meupe na subira ya kuudhi. Aliniambia ninyooshe mikono, nikanyoosha. Wa kushoto ulitulia. Wa kulia, ule unaoshika kisu, ukatetemeka mbele ya macho yake. Akaandika kitu, akaweka kalamu chini.

"Mzee, hii haitaisha," akasema. "Dawa itapunguza kidogo tu. Kitu cha maana ni ukubali. Usifikirie jana, usifikirie kesho. Fanya tu kile kiko mbele yako, na upumue polepole."

Nipumue! Nilikuwa nimetoka nyumbani Tabaka alfajiri na kukaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, ili mtoto wa juzi anifundishe kupumua. Nilimwambia nimepumua miaka hamsini na minane bila mwalimu. Nikatoka, mkono wangu nikausukuma ndani ya mfuko wa koti, na huko ndani ukaendelea kutetemeka. Nilimchukia kijana yule njia nzima.

Mimi ni mchongaji. Kwetu jiwe la sabuni, lile laini la vinyago, tunalichimba karibu na nyumba zetu, na mwanamume hujulikana kwa kile anachokitoa ndani ya jiwe hilo. Mimi nilijulikana kwa twiga. Shingo ya twiga wangu ilikuwa nyembamba kama kidole cha mtoto, na haikuvunjika. Wanaume ndio wanaochonga. Wanawake hukaa chini na karai la maji, wakisugua kwa msasa kile ambacho sisi tumechonga, mpaka kilainike. Miaka thelathini mke wangu alikaa hatua tano kutoka kwangu akifanya hivyo, nami sikuihesabu kuwa kazi. Niliiona kama kuosha vyombo.

Baba yangu pia alitetemeka. Alishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika, nasi watoto tulicheka nyuma ya mlango. Sasa najua alikuwa akitusikia.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hasira huuzidisha. Nikiuona mkono ukicheza nakasirika, nikikasirika unacheza zaidi, na mimi si mtu wa kukasirika kidogo. Kanisani, siku ya meza ya Bwana, kile kikombe kidogo cha zabibu kiliishia kwenye shati langu jeupe. Shemasi akanipangusa kifua mbele ya watu, akiniambia pole, pole. Ningeweza kumng'ata. Tangu Sabato hiyo mkono wangu uliishi mfukoni.

Kwenye kazi huwezi kuuficha mfukoni. Nilivunja shingo ya kwanza, nikasema ni ubaya wa jiwe. Nilivunja ya pili, nikalaumu kisu. Vipande nilivizika kwenye samadi chini ya migomba, nikiangalia kwanza kama kuna mtu. Hata hivyo mama mmoja mwenye duka la vinyago mjini alipokuja kuagiza twiga, nilikubali bila kusita, maana wachongaji wenzangu wanaochonga jirani nami walikuwa wamesimama pale wakisikiliza. Sikutaka wajue. Zaidi ya wote, sikutaka mke wangu ajue. Kama si mchongaji, sikujua mimi ni nani katika boma lile.

Twiga wachache walitoka wazima. Niliwapeleka kwenye karai lake, na wakirudi walikuwa wazuri kiasi kwamba nilijidanganya mkono unapona.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Nilikuwa nimeenda Ogembo sokoni, nikarudi mapema kuliko nilivyosema. Mke wangu alikuwa ameketi mahali pake, lakini hakushika msasa. Alishika kisu changu cha akiba. Twiga wangu alikuwa amelala mapajani mwake, naye alikuwa akikata taratibu sehemu ambayo kisu changu kiliteleza, akinyoosha shingo niliyoipinda, akitengeneza upya sikio. Alifanya bila wasiwasi, kama mtu anayemenya ndizi. Haikuwa mara yake ya kwanza.

"Tangu lini?" nikauliza.

Hakushtuka. "Tangu mvua ya mwaka jana, Omogaka." Ndivyo anavyoniita, mzee, kwa lugha yetu.

Nililipuka. Nilimwambia amenifanya mtoto. Nilimwambia amenicheka mwaka mzima, kwamba mwanamke hashiki kisu cha mwanamume, kwamba heri angeniacha niaibike kuliko kunionea huruma kisirisiri. Mengine niliyosema siyaandiki. Majirani walinyamaza kule kwao ili wasikie vizuri. Mkono ulikuwa ukiruka kama kuku aliyechinjwa, nami sikukumbuka kuuficha.

Aliniacha nimalize. Kisha akasimama, na nikaona kwamba yeye pia alikuwa na hasira, tena ya siku nyingi.

"Ulitaka niambie watu aje? Kwamba bwana yangu hawezi? Vipande vyako nimevitoa kwa migomba kila wiki, jembe lilikuwa linavigonga. Wewe hujawahi uliza hata siku moja kama mimi mgongo inauma. Sasa lainisha mwenyewe. Mimi naenda kupika, Sabato inaingia."

Akalisukuma karai kwa mguu, maji yakanirukia suruali. Akaenda jikoni.

Nilikaa chini kwa hasira tupu. Nilitaka kumwonyesha kwamba kazi yake hata mtu aliyelala anaweza kuifanya. Nikamtumbukiza twiga majini, nikachukua msasa, nikaanza kusugua kwa nguvu. Baada ya muda mfupi vidole viliwaka moto na mgongo ukaanza kulia. Nikapunguza nguvu. Sikuwa na la kufanya ila kupunguza.

Hapo ndipo nilipoona rangi. Jiwe likiwa kavu ni jeupe la vumbi, halina la kusema. Ndani ya maji tumbo la twiga yule lilikuwa na mstari wa waridi, mwembamba, unaopanda kutoka pajani hadi begani, kama chai iliyoanza kuingia kwenye maziwa. Miaka thelathini nimelikata jiwe hilo nikiwaza shingo inayofuata, na mnunuzi anayefuata. Nilisugua kando ya ule mstari. Maji yalikuwa baridi. Mkono ulitetemeka, msasa ukatetemeka nao, na jiwe halikudhurika. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria jikoni. Nilisugua tena.

Sijui nilikaa muda gani. Najua tu kwamba ghafla nilijikuta nina furaha, na jambo hilo lilinikasirisha kuliko yote ya siku ile. Yule kijana wa meno meupe alikuwa amesema kweli! Nilitamani kumtafuta nimgombeze.

Mke wangu alirudi akasimama juu yangu, mikono ikinuka vitunguu. Akamchukua twiga, akamgeuza kwenye mwanga wa jioni.

"Hapa kwa goti hujafika," akasema. "Na hapa umezidisha."

Nikamwambia nitarudia. Sikumwomba msamaha siku ile. Ningependa kuandika kwamba nilimwomba, lakini hasira bado ilikuwa imenikaba.

Jumatatu mama wa duka alikuja. Aliwasifu twiga, akasema anataka wengine kumi na wawili, wa shingo ndefu zaidi. Wenzangu walikuwa wameacha kazi wakisikiliza. Nilikuwa nimeketi kando ya karai, mkono wa kulia mfukoni, na neno "sawa" lilikuwa tayari mdomoni.

"Shingo siwezi," nikasema. "Mkono wangu unatetemeka. Tangu mwaka jana."

Hakuna aliyecheka. Ningepata nafuu kama mmoja angecheka, ningekuwa na mtu wa kupigana naye.

"Sasa hizi nzuri hivi amechonga nani?" mama akauliza.

Nilimwonyesha mke wangu kwa kidevu. Mama akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwetu akamtazama usoni. Mke wangu akajifuta mikono kwenye leso. Niliiangalia mikono ile. Ilikuwa imepasuka kwa maji, kila kidole, na nilikuwa sijawahi kuiona.

"Kumi na mbili naweza," akasema. "Mwisho wa mwezi. Lakini msasa atapiga huyu."

Wenzangu wakaangua kicheko. Damu ikanipanda kichwani, nikautoa mkono mfukoni kuchukua twiga wa kwanza. Ulitetemeka juu ya karai mbele ya wote, mpaka ulipoingia majini.