Ndege Mwenye Namba

Tulitoka Nyeri bila hata mahali pa kuchimba kaburi, miaka michache baada ya uhuru, tukapewa shamba la mpunga Mwea. Kupewa ni kusema tu. Shamba lilikuwa la serikali. Ukivunja sheria unaambiwa beba sufuria zako uende. Hilo nililiogopa kuliko ugonjwa.

Mpunga ukikomaa nilifukuza ndege kwa kombeo. Asubuhi moja jiwe likampata asiye mwizi: ndege wa matopeni, miguu mirefu, mdomo mrefu, wale wanaokuja kabla ya mvua ya vuli kisha wanapotea. Sisi hatuli ndege wa porini, kwa hivyo nilimwinua nimtupe. Nikaona pete ya chuma mguuni, ina namba.

Baba yangu alivaa kipande shingoni wakati wa mkoloni, kitambulisho chenye namba yake ndani ya kibati. Nilijua kitu chenye namba kina mwenyewe, na mwenyewe hutafuta.

Jirani yangu akavuka mfereji kuangalia. "Ngai! Umeua ndege ya serikali?"

"Nyamaza."

"Ati ninyamaze? Wakimaliza na wewe si wataniuliza mimi nilikuwa wapi!"

Nilimzika ndege kwenye tuta, pete nikaifunga ndani ya leso. Siku nne sikumwambia mume wangu. Kila baiskeli ilipolia kengele barabarani, niliingia ndani.

Siku ya tano bwana shamba akafika. Hakuangalia maji kama kawaida yake. "Mama, nasikia kuna ndege na chuma mguuni." Jirani yangu, upande wa pili wa mfereji, akatazama miguu yake mwenyewe. Nikafungua leso.

Bwana shamba akacheka. "Hii si ya serikali yetu. Kuna watu ng'ambo wanawavalisha ndege pete, ndio wajue wanaenda wapi. Huyu amevuka bahari na jangwa. Wanataka tu kujua alipatikana wapi na alikufaje." Akatoa kalamu. "Namba ya shamba yenu?"

Kicheko chake sikukiamini.

"Ya shamba acha. Andika alikuwa kwa mfereji, amekufa mwenyewe. Ni uchovu."

"Lakini mama, nimesikia ni jiwe."

"Umesikia kwa nani? Mimi sijakuambia."

Alinitazama, kisha akaandika nilivyosema.

Shamba hatukunyang'anywa, watoto wangu sita wamekulia hapo. Lakini huko kwa wenye ile pete imeandikwa kwamba ndege wao alivuka bahari yote hiyo akaishiwa nguvu Mwea. Aliyesema hivyo ni mimi, na sikuwahi kurudi kwa bwana shamba kurekebisha.