Namba Nne ya Orodha

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu nilipopewa kazi, katika ofisi moja pale Lushoto, ya kuorodhesha mahali ambapo wageni wangeweza kutembezwa. Nchi ilikuwa changa, nasi tulitaka kuonyesha vilivyo vyetu. Niliandika genge la Irente, ambalo ukisimama ukingoni unayaona mabati ya Mombo yaking'aa huko chini kama punje zilizomwagika. Nikaandika kanisa lililojengwa enzi za Wajerumani, kisha maporomoko ya maji. Namba nne, kwa majivuno ambayo leo nayakiri bila kujitetea, niliandika msitu mdogo ambamo ukoo wa mama yangu huombea mvua.

Jumapili nilipanda kijijini kumpa mjomba habari. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa msitu ule, na nilidhani angefurahi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi wetu."

Nilipomaliza kueleza, aliliegemeza jembe ukutani polepole.

"Umepaandika?"

"Ndiyo."

"Sisi tunaopalinda hatupataji hata jina. Tunasema 'kule', basi. Wewe umepabandika namba! Mgeni akishaingia na kamera yake, mimi nitaingia kuomba nini?"

Hakunifokea zaidi. Alinipa kiazi cha moto.

Alfajiri niliteremka kwa miguu hadi mjini, nikiomba orodha iwe haijapanda basi kwenda ofisi kuu ya Tanga. Ilikuwa imeshaondoka. Mpiga chapa wetu, mama wa Kisambaa aliyenizidi umri kwa mbali, alinitazama nikihema, akanisogezea nakala ya kaboni. Namba nne ilisomeka: Soko la matunda.

"Lakini mama, mimi sikuandika soko."

"Najua ulichoandika, mwanangu. Kusoma umesoma, akili ukaisahau bwenini. Nilikuwa nangoja tu nione kama utakuja mwenyewe."

Nikakaa juu ya kreti la faili, nikacheka hadi nikafuta machozi.

Mjomba alipopata habari, hakunisifu wala kunilaumu. Alikata mkungu wa ndizi, akanitwika begani nimpelekee yule mama, nami nikapita nao katikati ya mji, na suti yangu ya chuo, huku watu wakinicheka waziwazi. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi kama ule.

Wageni walikuja kweli. Walitazama genge, wakanunua plamu na peasi sokoni. Kule hawakufika.